Maji ya Kumkanda Esteri

Titye, Kasulu
4 Februari 2024

Mwanangu Esteri,

Amahoro, mwana wanje. Hujambo na hilo tumbo? Sisi wazima, ila mvua imelaza maharage yote.

Vitenzi vyako vya Kihispania vimefika, na mwalimu mstaafu hakai bure! Co-mer, kula; dor-mir, kulala; em-pu-jar, kusukuma: hizo silabi. Nikitafuta shina, nakata kwingine: com-er, dorm-ir, empuj-ar. Na mtendaji wanamweka mkiani, ati como, nakula, comes, unakula! Wazungu bwana! Nitawaweza tu. Siwezi kuja kukukanda ukishajifungua, halafu nisimame mbele ya manesi wenu kama bubu. Kumkanda mzazi ni kazi ya mama yake. Taulo nzito nimeshaitia kwenye begi, bado viza.

Ghati, mwalimu jirani, ataipiga picha barua hii akutumie.

Mama yako,
Theodosia


Murcia, Uhispania
20 Februari 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tumbo salama, miguu ndiyo inavimba. Mkweo Niyonzima yuko safarini na lori lake, simwoni wiki nzima.

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta! Ongeza des-can-sar, kupumzika; shina ni descans. Jioni navisoma vitenzi kwa sauti, nikikuigiza wewe darasani, ili nyumba isiwe kimya.

Mama, njoo. Naogopa.

Mwanao,
Esteri


Kibondo
11 Aprili 2024

Esteri wangu,

Waendeleaje? Mimi nipo kwa shangazi yako Yusta. Nimekuja kulilia huku, maana Titye wataniulizauliza.

Viza wameninyima. Ati hawana hakika kama nitarudi kwetu. Jamani! Mihogo yangu atavuna nani?

Sikiliza. Chemsha maji, chovya taulo, kamua, kanda tumbo, kiuno, mgongo. Mwambie Niyonzima akukande. Kwetu mwanamume hafanyi hivyo, lakini safari hii asione haya.

Ningetembea kwa miguu kama kungekuwa na njia.

Mama yako


Murcia
2 Mei 2024

Mama,

Shikamoo, bibi. Ndiyo, umekuwa bibi! Mtoto wa kike, mzima, nimempa jina lako. Nesi alikuwa akipiga kelele empuja, empuja, sukuma, nami namjibu kwa Kiswahili: mama yuko wapi?

Niyonzima yuko Ufaransa na mzigo, atarudi Jumapili.

Leo nimechemsha maji. Tumbo nimelikanda, na kiuno. Mgongoni mkono haufiki, mama.

Mwanao,
Esteri