Abuti Ana Miguu ya Moto

Jumapili, 14 Julai

Theluji imeziba njia. Gari la zahanati halipandi huku mpaka barabara ifunguliwe. Na nani? Na jua!

Ntate, baba yangu, amelala ameketi, mgongo kwenye gunia la mahindi. Akilala chali anazama kama yuko mtoni. Vumbi la mgodini hilo, la miaka yote aliyochimba dhahabu ya watu. Mimi ndiye daktari wake sasa — daktari wa darasa la tano! Moto wa samadi nimeuhamishia nje ili asivute moshi. Tunaganda wote, lakini kikohozi kimepungua. Nimemfundisha kutoa pumzi polepole, kama anapoza uji. Nikamwambia: puliza tu mzee, uji wenyewe nimeshaumaliza. Akacheka, akakohoa, akanitukana. Akinitukana najua pumzi ipo.

Ila mtungi wa oksijeni unaisha. Mshale umelalia sifuri.

Jumatatu, 15 Julai

Abuti Khoabane, kaka yangu mkubwa, ameteremka zahanati na Tlali, farasi wetu. Unatoa mtungi mtupu, unapewa uliojaa. Kesho jioni atakuwa amerudi.

Nilitaka kwenda mimi! Tlali namlisha mimi, namsugua mimi, na bonde zima hakuna anayekaa juu ya farasi kama mimi. Ntate akasema mimi nitasimama kila kijiji kujisifu mpaka mtungi uote kutu. Aende mkubwa, ana akili. Haya. Ntate akavua blanketi lake mwenyewe, mtungi ukaviringishwa humo. Sasa anajifunika langu.

Jumanne, 16 Julai

Hajarudi. Labda theluji.

Jumatano, 17 Julai

Sikukuu ya Mfalme. Huko bondeni watu wanakula nyama. Sisi tunakula mvuke — nimechemsha lengana, yale majani machungu, Ntate ameinamia sufuria. Midomo yake ina rangi ya wino. Kila kitu kikigonga nje ananiuliza, kwato hizo? Namwambia ni ng'ombe wa jirani. Hata mzaha umenikauka. Mimi!

Alhamisi, 18 Julai

Asubuhi alipita Sekake, kijana wa kijiji cha chini, na kondoo wake. Akanipigia kelele kutoka mbali: "Weee Molupe! Farasi wenu ni moto! Jana kashika namba mbili!"

Nikavimba kifua kabla ya kufikiri. Nikamjibu, "Namba mbili? Ningepanda mimi mngeona mkia tu!" Halafu nikashtuka. Namba mbili ya nini?

"Mbio za sikukuu. Si kakako alimpanda? Utepe mwekundu kwenye paji, watu wakashangilia."

"Na mtungi?"

"Mtungi gani?"

Sikumwambia Ntate. Ningeanzaje?

Mchana ndipo kwato zikaja kweli. Tlali anachechemea, mguu wa mbele umevimba, utepe bado uko kichwani. Abuti akauweka mtungi mlangoni, akarudi nyuma. Eti haingii. Eti ametoka safarini, miguu yake ina moto, itamzidishia mgonjwa. Huyu! Mwezi uliopita alitoka kwenye pombe akapitiliza hadi kwenye chungu! Leo ndiyo kaikumbuka miiko ya wazee.

"Umejaa?" nikamuuliza.

"Umejaa. Mpe mzee apumue, acha mdomo."

Akaangalia kwato za Tlali, si mimi.

Nikaifunga geji yenye mshale kwenye mtungi, nikafungua koki. Mshale haukusogea. Nikaweka sikio. Kimya. Ni ule ule wetu, mkwaruzo wake naujua; haukubadilishwa. Nikajaza kifua nipige kelele kijiji kizima kisikie — Ntate akanidaka kifundo cha mkono. Nguvu hiyo aliitoa wapi? Akachukua barakoa mwenyewe, akaivaa. Akavuta hewa ya bure, hii hii ya chumbani. Akanitazama. Aliuona mshale, nina hakika, aliuona kabla yangu.

Akaishusha barakoa, akaita kwa vipande: "Khoabane... imeingia... asante, mwanangu."

Nje, Abuti akainama kuukanda mguu wa Tlali.

Kisha akaninong'oneza, "Mpelekee mkubwa wako chakula. Ana njaa."

Na mimi? Niliyekesha, niliyeganda, niliyemfundisha kupoza uji — mimi nimeambiwa nini? Nipeleke chakula! Wamenifanya mjinga wote wawili, mmoja ndani, mmoja nje.

Chakula nimepeleka. Nikamwambia Abuti, ingia basi, umwone anavyopumua hiyo oksijeni yako. Akasema miguu bado ina moto. Machozi yanamtoka, anasema ni upepo.

Tlali hawezi kushuka tena. Nitashuka kwa miguu. Mtungi nimeshaufunga mgongoni, hapa naandika nao umenielemea. Nimemwambia Ntate naenda kuteka maji. Anajua. Amekamata ncha ya kanzu yangu, anapoza uji polepole kama nilivyomfundisha, na haachii —