Toroli la Matumbo Mbele ya Bucha

Base Camp, Nakivale,
Isingiro, Uganda.
8 Juni 2025

Mpendwa Yaya Orpa, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu huko Lubumbashi. Goti lako limepona? Shemeji Nestor na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, ijapokuwa kupumua kwenyewe ndiko kulikoleta kisa hiki. Nivumilie nikikuandikia mambo ya uchafu.

Jirani yangu Constance aliumia mgongo, akatibiwa hospitali ya Ruharo kule Mbarara, akafundishwa mazoezi ya taratibu. Sasa kila asubuhi anatukusanya akina mama wakimbizi wa kambi hii karibu na kisima. Tunasimama peku, tunainua mikono polepole, tunavuta pumzi ndefu, na akili isiende mbali na mwili. Tangu nianze ninapata usingizi, mimi niliyekuwa nikisikia risasi za kwetu hata kukiwa kimya.

Asubuhi moja nilivuta pumzi nikatapika. Nyuma ya kisima, porini, kulikuwa na matumbo ya mbuzi, yamevimba, funza wanatembea juu yake, na maji yake meusi yanachuruzika kuelekea tunapochota. Wiki hiyohiyo Eliane, mtoto wangu wa mwisho, alikuwa kliniki akiharisha, macho yamezama. Yaya, nilisikia kinyaa hadi kwenye meno.

Mwenye uchafu alijulikana: Pontien, muuza nyama wa sokoni. Nilikwenda kumwomba aache. Alicheka, akaniambia pori halina mwenyewe.

Constance hakutaka ugomvi. Alituambia kwamba hewa tunayovuta na maji tunayokunywa ndiyo mwili wenyewe, kwa hiyo kusafisha kisima ni zoezi kama mengine. Tukafunga vitambaa puani, tukazoa ule uozo, tukausukuma kwa toroli hadi mbele ya bucha yake. Wateja walikuwa wamejipanga. Tukaanza mazoezi yetu palepale, kimya, mikono juu.

Pontien alitoka na kisu mkononi. "Bamama, munanifukuzia bateja."

Constance hakushusha mikono. "Vuta pumzi kwanza, Pontien. Ndefu, kama sisi."

Alivuta nusu, akaziba pua kwa aproni yake. Wateja walikuwa wamekwisha kutawanyika. Siku hiyo alichimba shimo, akazika kila kitu, nasi tukasimama pale mpaka akamaliza.

Usidhani nimemsamehe. Eliane amepona, anakula vizuri, lakini nikipita bucha ile bado ninaziba pua. Na wiki iliyopita tulikuta matumbo mengine kule chini, wanakochota maji wageni waliofika karibuni kutoka Kivu. Watu wamekimbia vita, halafu tunawanywesha uozo. Ndiyo maana mazoezi sasa tunayafanya huko, na toroli liko kando yetu, likimsubiri atakayetupa tena.

Nisalimie Shemeji, mwanao Ushindi na mama mkwe wako. Mungu awape maji safi na usingizi mtulivu.

Mdogo wako akupendaye,
Apolline