Mtu Mzima Hakimbii Bure

Jumanne, 8 Aprili

Kilomita kumi na mbili. Mwembesongo hadi Mazimbu na kurudi. Mvua, matope hadi magotini. Goti la kushoto linalalamika. Nimelikanda kwa maji ya moto, likanyamaza.

Bodaboda watano wamesimama kuniuliza naenda wapi, nipande. Wa tano nimemjibu vibaya. Mjini hapa ukionekana unakimbia, ama umechelewa, ama unafukuzwa, ama ni mwanajeshi. Mwanamke fundi cherehani wa miaka arobaini na saba hayumo kwenye hesabu yao.

Halafu Mama Hawa, jirani yangu. Kaniona napita mbio asubuhi, kajifunga kanga, kachukua nyingine begani, kanifuata hadi barabara kubwa akiuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, nafanya mazoezi. Kakasirika kweli. Alikuwa ameshaanza kulia.

Alhamisi, 24 Aprili

Kliniki. Sukari imeshuka! Daktari kaangalia majibu mara mbili, kisha kaniangalia mimi. Mwaka jana ndiye aliyeniambia nitembee, la sivyo miguu itaanza kufa ganzi. Nikatembea. Siku moja nikajaribu kukimbia kutoka nguzo ya umeme hadi nyingine, nikacheka peke yangu njiani kama chizi.

Miaka ishirini na miwili nimeukalisha huu mwili kwenye stuli ya cherehani. Nilidhani ndiyo kazi yake, kukaa. Kumbe.

Nimejiandikisha marathoni ya tarehe moja Juni. Ile nzima, hadi Mzumbe na kurudi. Atakayetumia zaidi ya saa sita njiani hapati medali. Naitaka hiyo medali, sitaki unafiki. Mama sijamwambia.

Jumamosi, 10 Mei

Siku mbaya.

Nilitaka mama anione. Nikapanda mlima kwa mbio hadi kijijini kwake, juu ya Bigwa. Wanawake waliokuwa wanashuka na karoti kichwani walinipisha, wakatua mizigo, wakaanza kunifuata. Nikadhani wananishangilia. Mjinga mimi.

Kule juu simu zinashika kwa bahati. Habari ya kifo mpaka leo hupandishwa na mtu, kwa miguu, mbio, bila kusalimia. Na mimi nilikuwa nimejitanda kanga kichwani kwa ajili ya jua, nimekunja uso, nawapita watu wazima bila shikamoo kwa sababu pumzi sina. Nani angefikiri vingine?

Mama aliniona tangu kwenye kona ya migomba. Akajua aliyekufa ni kaka Poli, maana Poli anaendesha lori la Tunduma na mama huwa hamalizi rozari bila kumtaja. Akaanguka uwanjani na kilio. Nilipofika, katekista ameshapiga kengele ya msiba, watu wameacha majembe shambani. Ilichukua nusu saa kuwaelewesha kwamba hakuna maiti. Mkono wa mama umeteguka.

Nikamwamkia. Hakuitikia. Tangu nijue kusema, mama hajawahi kuninyima marahaba.

Akasema, "Umenifanya nimlilie mwanangu angali hai. Huo ni uchuro, Gaudensia. Usikimbie tena mpaka mimi nife."

Jumatatu, 12 Mei

Sijakimbia. Nimeharibu kola mbili.

Jumapili, 18 Mei

Sijakimbia siku ya nane. Zimebaki wiki mbili. Kaka Poli kapiga simu kutoka njiani, anacheka, anasema yeye marehemu anaomba chai. Nimemkatia simu.

Nimekasirika. Na mama, na mlima, na mimi mwenyewe. Nikikimbia bila radhi yake nitajikwaa kila hatua, najijua. Nisipokimbia narudi kwenye stuli, na safari hii nitakufa nayo. Sitaki. Nimeandika hapa ili nisijidanganye: sitaki kurudi kuwa yule.

Jumatano, 21 Mei

Nimefunga duka. Nimepanda polepole, nikamsalimia kila mtu, hadi mtoto mchanga. Kuku mmoja mkononi, majibu ya kliniki mfukoni. Nimempigia mama magoti.

Shikamoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikamsomea majibu, ya mwaka jana na ya sasa. Mama anaijua sukari. Ilimkata mguu dada yake. Akaichukua karatasi japo hajui kusoma, akaishika muda mrefu. Shikamoo ya tatu akaitikia.

Akasema kosa langu si kukimbia. Kosa ni kukimbia kimya. "Mtu mzima akikimbia kimya, kabeba kifo. Wewe umebeba nini?" Nikasema nimebeba uzima. Basi piga vigelegele, akasema, watu wajue.

Ila siku ya marathoni mjini haji. Hawezi kusimama barabarani kuangalia mtu mzima akihangaika bila kufukuzwa.

Jumamosi, 24 Mei

Kilomita kumi na nane, vigelegele kila kona. Jaribu kupiga kigelegele huku unahema uone. Changu kinatoka kama birika bovu. Mwembesongo yote inacheka. Mama Hawa kanijibu cha kwake kutoka mlangoni, kirefu, kikali. Nimeruka juu. Niko mzima kabisa!

Jumapili, 1 Juni

Lazima niandike kabla sijalala.

Kwenda Mzumbe nilikuwa malkia. Kurudi, jua. Kilomita ya thelathini na mbili miguu ikakataa. Nikatembea. Nikawatukana walioianzisha marathoni, kila mmoja na ukoo wake. Saa yangu inaniambia siwezi kuwahi. Nilikuwa nalia wazi wazi, mtu mzima, na namba kifuani.

Kilomita ya thelathini na sita nikaona kitenge cha bluu. Mama. Mkono mmoja na bandeji, kaka Poli pembeni amemshikia mwavuli. Alikuwa ameacha misa. Mama yangu, misa!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame."

Akapiga kigelegele. Sijui sauti ile anaiweka wapi, mtu wa miaka sabini na mitatu. Wanawake wa upande wa pili wakapokea, hawamjui, hawanijui, wakapokea tu. Nikakimbia. Miguu haikuwa yangu lakini ilikwenda.

Nimetumia saa tano na dakika hamsini na tatu. Nyuma yangu walibaki watu wanne na gari la wagonjwa. Ninayo medali. Ninayo! Nimeivaa hata bafuni.

Jumanne, 3 Juni

Ngazi siwezi. Nimeshona nusu siku, miguu kwenye beseni.

Mama alirudi jana. Leo kapiga simu, kapanda kwenye lile jiwe lenye mtandao. Amefika salama, mkono unaendelea vizuri. Watu wote njiani wamemuuliza nimekuwa wa ngapi.

"Nimewaambia wa kwanza," akasema. "Dhambi hiyo ni yangu. Nitaiungama Jumamosi pamoja na ile misa. Wewe usije ukanikana."

Nikasema ndiyo, mama.