Mtambo Umemwambia Baba Asubiri Miezi Sita

Mpendwa Shangazi wa Jumamosi,

Nakuomba unisaidie, na nakuomba pia usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu kila ninayetaka kumweleza jambo hili namwona akilini mwangu anaanza kucheka kabla sijafika penye kuliza, na mimi mwenyewe nimelicheka miezi tisa mizima kabla halijanigeukia.

Mimi ni karani serikalini. Nilikaa masjala miaka kumi na moja nikitafuta mafaili ya watu, mpaka ilipotangazwa kwamba umenunuliwa mtambo wenye akili utakaojibu maswali yote ya wananchi kwenye simu zao, bila foleni na bila mtu kuambiwa njoo kesho, na sisi makarani watano tukapewa barua za kuagwa na kipande cha keki kila mmoja. Mtambo ukazinduliwa, utepe ukakatwa, magazeti yakaandika, lenu likiwemo, na wiki ya pili mama mmoja akaulizia cheti chake cha kuzaliwa, mtambo ukamjibu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu bado hajazaliwa, ajaribu tena baadaye. Kwa kuwa hotuba zilikuwa zimeshatolewa na hazirudi mdomoni, tuliitwa mbio mbio sisi watano, tukasainishwa karatasi za kutunza siri, tukawekwa kwenye iliyokuwa stoo ya vifaa, chumba hakina dirisha, mlangoni pameandikwa CHUMBA CHA MITAMBO, USIINGIE, na tangu siku hiyo mwananchi akiandika swali, mtambo ni sisi. Yaani tuliondolewa kazini kwa sababu ya mtambo, kisha tukarudishwa kazini kuwa mtambo.

Kuna masharti. Usijibu upesi, hesabu kwanza mpaka kumi na tano ili ionekane unachakata. Usitanie. Usimwambie mtu pole. Hilo la mwisho lilinishinda, maana mtu anakuandikia kwamba amefiwa na mume na anataka kujua aanzie ofisi gani, utamjibuje kavu kavu, nikawa naweka pole hapa na pale, na mwezi haujaisha gazeti moja likaandika kwamba mtambo wetu umejifunza huruma wenyewe bila kufundishwa. Wakaja wataalamu kutoka nje kuutazama. Walionyeshwa kabati la chuma lenye taa za kijani, ambalo ndani lina feni na rimu za karatasi, wakapiga nalo picha.

Sasa baba yangu. Baba ni mpima ardhi mstaafu, naishi naye tangu mama atutoke, na ni mtu asiyeamini kitu ambacho hakukipima mwenyewe. Serikali ilipotangaza barabara mpya ya kilomita arobaini alichukua gurudumu lake la kupimia, akarudi siku ya tatu miguu imevimba, akasema ni thelathini na moja na robo, akamwandikia mhariri. Huo mtambo alianza kuuandikia ili auumbue. Swali lake la kwanza lilihusu jiwe la mpaka lililowekwa kabla mimi sijazaliwa, na kwa jinsi lilivyopangwa nilijua ni yeye kabla sijamaliza mstari. Nikamjibu: "Sijui. Nipe mpaka kesho nikatafute." Nikaenda masjala, nikalifukua faili, nikamjibu. Jioni alikuja mezani amenyooka mgongo.

"Nimesumbuana na ofisi za serikali miaka thelathini na sita," akasema, "na hii ndiyo ya kwanza kuniambia haijui. Kifaa hiki kina adabu."

Tangu hapo, Shangazi, baba yangu ni muumini. Nikimwambia nyumbani apunguze chumvi ananiuliza nimesomea wapi udaktari, nikimwandikia maneno yale yale nikiwa mtambo, kesho yake anaondoa kichupa cha chumvi mezani kwa mkono wake na kunihutubia mimi juu ya madhara ya chumvi. Alifika mahali akaandika barua gazetini kwenu kuusifu, ya kwanza ya sifa maishani mwake, na wakubwa walipoiona wakamwalika aje kutoa ushuhuda kwenye sherehe ya mwaka mmoja wa mtambo. Koti limeshapigwa pasi.

Kisha akaanza kuuambia mambo ambayo mimi haniambii. Mchana mmoja aliandika kwamba jicho la kushoto limekufa karibu lote, kwamba anamwaga chai nje ya kikombe na kukisingizia kikombe, na kwamba hajamwambia mtu, hasa binti yake, kwa sababu, namnukuu, "ana moyo mzuri lakini ataacha maisha yake aje kunishika mkono, na mimi sitaki kuwa faili lake la kudumu." Nililia pale pale juu ya kibodi. Halafu ikabidi nihesabu mpaka kumi na tano, nimwandikie: "Asante kwa taarifa. Tafadhali fika kliniki ya macho wiki hii. Je, kuna jambo lingine?"

Alikwenda, peke yake, akiniaga kwamba anakwenda kunyoa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na akifanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita jicho la kulia litaokoka, akipitisha hapo hakuna wa kulirudisha. Akaurudia mtambo, akaandika yote hayo, akamalizia: "Naogopa kisu. Unashauri nini?"

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mwanangu kwenye chanjo. Zamu yangu ilishikwa na mwenzetu tunayemwita Bwana Fomu, alikuwa amefungua mazungumzo tisa kwa mpigo, na jibu la mtu aliyetaka kubadilisha kibao cha duka lake akalituma kwa baba: "Hakuna haraka. Suala lako linaweza kusubiri miezi sita bila madhara yoyote." Baba alifurahi, Shangazi, siku hiyo aliimba bafuni.

Zimepita wiki tatu. Nimemwandikia nikiwa mtambo kwamba jibu lile halikuwa lake na aende hospitali haraka, akanijibu: "Umeanza kuongea kama binti yangu. Ukipata nafuu nitakuandikia." Tangu siku hiyo haandiki. Nyumbani nimemuuliza macho yako vipi baba, akasema yanaona yanachotaka kuona, na siwezi kuendelea zaidi ya hapo kwa sababu nitajuaje habari za jicho ambalo hakuniambia? Nimekwenda kwa mkuu wa kitengo, akafunga mlango, akaniambia waziri ameshasema mbele ya wabunge kwamba mtambo haujawahi kukosea, kwa hiyo tukisahihisha tutakuwa tumekosea, lakini kama nasisitiza niandike ombi lipelekwe kwenye kamati, na kamati hukutana kila robo mwaka.

Nikimwambia baba ukweli, nimevunja kiapo na kazi imekwenda, na yeye nimemfanya kichekesho, mtu aliyempinga kila mtu aje adanganywe na binti yake wa kumzaa. Nikinyamaza, jicho linakwenda. Hata usingizi siupati. Nifanye nini? Tafadhali usitoe jina langu.

Ni mimi, Karani wa Chumba cha Mitambo

*

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nimecheka. Uliniomba nisicheke nami nimeshindwa penye lile kabati, hasa kwa kuwa mwandishi wetu wa kurasa za teknolojia ana picha amesimama nalo, ameiweka juu ya meza yake, na kurasa mbili nzima alizoziandika kulisifu nilizipitia mimi mwenyewe na kusahihisha nukta. Baada ya hapo nilifika kwenye jicho, nikairudia barua tangu mwanzo.

Pole. Hiyo ndiyo pole yako, ipokee, maana zinazofuata si pole.

Unaniambia una njia mbili ngumu. Huna. Una njia moja ngumu, na nyingine umeichora tu ili upate mahali pa kusimama na kulia. Jicho halikutani kila robo mwaka. Wiki tatu unampigia chenga baba yako ndani ya nyumba moja, na unaita hiyo shida ya kiapo! Karatasi uliyosaini ilikuwa ya kutunza siri za wananchi. Baba yako ni mwananchi, na siri ni ya kwake. Ukimrudishia siri yake mwenyewe umemvunjia nani kiapo? Umemvunjia kabati.

Tena nitakuambia jambo ambalo hukuliandika. Miezi tisa hii umeionea raha. Kwa mara ya kwanza baba alikusikiliza, akaondoa chumvi, akakueleza hofu zake, na hayo yote alikupa ukiwa nyuma ya mlango usio na dirisha. Unaogopa kwamba akijua ni wewe, utarudi kuwa binti tu, wa kuulizwa umesomea wapi udaktari. Hiyo ndiyo hasa inayokuzuia. Sikulaumu kwa kuitamani, nakulaumu kwa kumwacha mzee alipie.

Nikupe mfano, nami nijivue kidogo. Watu wananiandikia Shangazi mwaka wa kumi na nne sasa. Mwanangu, nina ndevu. Shangazi wa kweli wa safu hii alistaafu, mhariri akanikalisha kwenye kiti chake kwa wiki moja tu, na hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Nilijifariji kwamba ushauri ni ushauri, haujali unatoka kwa nani, na mara nyingi ni kweli. Lakini siku mtu atakapotaka kupoteza jicho kwa sababu Shangazi kasema, siku hiyo lazima Shangazi atoke nje aonyeshe uso. Mhariri atanuna, na wasomaji wengine watadai warudishiwe siri zao. Haya, mimi nimeshatoka. Zamu yako.

Fanya hivi. Usimwite mezani kwa heshima kana kwamba unakwenda kumtangazia msiba. Kaa karibu naye, upande wa kulia anakoona, weka simu yake mbele yenu na umfungulie majibu uliyokuwa unamwandikia. Anza na jicho. Mwambie: jibu la miezi sita lilikuwa la mwenye kibao cha duka. Lirudie mpaka limwingie. Ukishamaliza hilo ndipo umwambie mtambo ni nani. Atataka kupima, ndiyo kazi yake. Basi mpe kipimo, mtajie ile habari ya kikombe, ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua. Kisha atafoka. Mwache afoke, usijitetee hata kwa neno moja, mtafutie viatu. Mtu anaweza kufoka vizuri tu akiwa njiani kwenda hospitali, na foleni ya kliniki ni ndefu, atapata muda wa kumaliza.

Akikuambia umemdhalilisha, usibishe. Umemdhalilisha kweli. Omba radhi kwa hilo, wala usiombe radhi kwa kumpeleka kliniki.

Kuhusu sherehe, hilo mwachie mwenyewe. Mpima ardhi aliyetembea kilomita thelathini na moja ili kuisuta hotuba moja hashindwi kujua la kufanya na kipaza sauti akipewa mbele ya waziri. Nitaomba nafasi ya mbele.

Kuhusu kazi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: huenda ikaondoka. Umeniomba nisitoe jina, sikulitoa, lakini mkuu wako atakutambua kabla hajamaliza aya ya pili, nawe ulilijua hilo ulipokuwa unaandika. Mtu anayetaka siri itunzwe haliandikii gazeti. Ulishaamua, ulikuwa unatafuta wa kukusukuma. Basi ukishamfikisha mzee kwa daktari, rudi kwenye kile chumba na wenzako wanne, mpekue majibu yote, mjue ni nani mwingine aliyetumiwa jibu lisilo lake. Mazungumzo tisa kwa mpigo, kila siku, miezi tisa! Usiniambie ni baba yako tu. Pengine yupo mwenye duka anayejiandaa kwa upasuaji wa kibao, lakini wapo pia ambao hawana binti ndani ya mtambo. Orodha hiyo usiipeleke kwenye kamati. Ilete kwangu, mwandishi wetu wa teknolojia ana deni la kurasa mbili.

Barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi. Jibu hili nimekutumia siku hiyo hiyo kwa namba uliyoiacha, na gazeti linatoka Jumamosi. Nilikupa siku tano umwambie kwa mdomo wako. Ndizo nilizoweza kuzipata.

Na wewe, mzee. Najua umefika hapa, kwa sababu watu wa aina yako hawaachi ukurasa waliokwisha kuulipia. Kama ameshakuambia, unanisoma kwenye benchi la kliniki na una haki ya kutukasirikia sote, kuanzia waziri mpaka mimi niliyeichapa barua yako ya sifa bila kuuliza swali hata moja. Kama bado, basi ndiyo unajua sasa hivi, kwenye gazeti, mbele ya watu wote, na sikupenda iwe hivyo. Uliandika kwamba unaogopa kisu. Uliyemwandikia anakiogopa kuliko wewe, na bado anataka mwende. Huyo aliyekuambia hajui, akatafuta, akarudi na jibu, hakuwa kifaa.

Kunja gazeti. Kama hamjatoka nyumbani, yupo hapo, anajifanya anafagia. Mwite kwa jina lake.