Saa ya Kifaransa na Majivu ya Jikoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba saa ya sebuleni imehamia stoo rasmi. Hotuba hazikuwepo. Waliohudhuria ni mimi na mende mmoja.

Nawe magoti yanasemaje? Moshi wa jikoni umepungua tangu baba mdogo atoboe lile dirisha? Mimi mzima, ila vumbi la Dodoma linaingia hadi kwenye chumvi.

Hiyo saa Mzee, bosi wangu, alirudi nayo alipostaafu ubalozini Ufaransa. Ni ya zamani mno: kristali pande zote, matumbo yake unayaona, miguu ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu vitoto viwili vyenye mabawa, uchi, havina habari. Huko kwao hukaa juu ya meko ya kuotea moto sebuleni. Hapa Ihumwa nani ana meko sebuleni? Ilikaa juu ya kabati la televisheni, kwenye kitambaa cha kufuma.

Baada ya mavuno akaja Bibi, mama yake Mzee, kutoka Hombolo, na gunia la karanga na mlenda mkavu. Mzee alikuwa amemwomba ahamie hapa moja kwa moja, maana kule amebaki peke yake. Lakini Bibi akishika ufagio, Mzee anasema, "Mama, pumzika." Akishika mwiko, "Mama, pumzika." Bibi akaniuliza, "Editha, huyu mwanangu ananipumzisha au ananizika?"

Siku moja nikaenda soko la Majengo kununua vitunguu. Kurudi, naikuta saa kwenye uchanja wa vyombo, imepinduliwa ichuruzike maji, katikati ya masufuria. Bibi ameisugua kwa majivu na mchanga, kama tunavyosugua sufuria za shughuli. Dhahabu yote imekwenda na maji kwenye mchicha.

"Ilikuwa na ukungu wa manjano," akaniambia, uso umemjaa furaha. "Sasa angalau inaonekana ina mwenyewe."

Mzee alipotokea uani akaiona, akaganda mlangoni. Nikawahi: "Ni mimi, Mzee. Niliisugua kidogo." Nikajiona nina akili kweli.

"We Editha!" Bibi akaweka chini ungo wa karanga. "Usininyang'anye kazi yangu. Nimesugua mimi!"

Mzee akaiinua saa, akaigeuza. "Asante, mama. Imetakata." Ubalozini hakukaa bure.

Ingeishia hapo. Lakini jioni, tukisonga ugali wa uwele, Bibi akaniuliza taratibu, "Kama nilisafisha vizuri, wewe ulikuwa unanikinga na nini?"

Mama, mimi unayenijua kwa majibu, nikakoroga mlenda tu.

Asubuhi akafunga mzigo wake. Akasema mbuzi wanamhitaji. Mbuzi wenyewe aliwauza kabla hajaja. Sasa Mzee akimpigia simu anajibiwa mbuzi hawajambo, na Mzee anasema wasalimie.

Laiti ningefunga mdomo. Mlenda aliouacha bado naupika, ila naula peke yangu, na jiko hili limekuwa kubwa.

Msalimie baba mdogo fundi wetu wa madirisha, na mama mkubwa wa kwaya. Mdogo wangu Tumaini mwambie sufuria asugue, vingine aulize kwanza.

Ni mimi mwanao,
Editha

Nimesahau kukwambia: saa yenyewe ilikuwa mbovu. Haijatembea tangu itoke Ulaya.