Kompyuta ya Mahari Uliyoinywesha Chumvi

Koboko,
9 Novemba 1998

Kwa mpendwa mkwe wangu Drani,

Salamu nyingi. Uko mzima? Kazi ya Kampala iko namna gani? Mimi na mama yake Margarita tuko wazima, mvua iko, mihogo iko. Roho yangu tu ndiyo iko mbaya, na ugonjwa wake ni wewe.

Ulisema badala ya ng'ombe wawili wa mwisho wa mahari utaleta kompyuta ya 200, yenye mbio, Margarita apigie watu chapa pale Oli, mjini Arua. Wazee wakanicheka: "Kasimiro, hiyo ng'ombe yako utakamua wapi?" Nikawaambia nyamazeni. Mimi nimeendesha malori ya jeshi, mashine gani itanishinda?

Sasa kompyuta yako inakwama. Margarita akiandika kidogo, kioo kinaganda. Juzi mitihani ya shule moja ya Pajulu imepotea yote humo ndani. Mwalimu mkuu amemtukana mtoto wangu mbele ya watu, na wateja wanakimbia.

Nikapanda gari mpaka Arua, nikamshika Lukudu, yule fundi Msudani, nikamwambia fungua. Akatoa feni, akafuta mafuta meupe. Chipu ndiyo injini, na mgongoni imeandikwa 166. Si 200! Kwenye madabodi, ule ubao mkubwa, kuna kipini kinaitwa jampa. Wewe umekihamisha, mwendo wa njia ya ndani ukatoka 66 ukaruka mpaka 83, ili injini ionekane kubwa. Injini imevumilia. Lakini diski, ile ghala ya maandishi, inakimbizwa kwa njia hiyo hiyo, nayo haina nguvu, inamwaga mzigo. Lukudu akacheka: "Mzee, mkwe wako amekuletea mashine yenye homa." Mimi sikucheka.

Unafikiri sijui mchezo huu? Mutu mwenye ng'ombe mwembamba anamlambisha chumvi, anamnywesha maji asubuhi ya kumpeleka kwa wakwe, tumbo linakuwa duara. Jioni amekojoa, mbavu hizo. Hata baba yako Romano alinijaribu hivyo, nikamfukuza yeye na ng'ombe wake. West Nile yote hakuna mutu wa kunidanganya kwa tumbo la ng'ombe.

Na usiniandikie kwamba vijana wote wa Kampala wanafanya hivyo. Wafanye kwa mashine zao, si kwa mahari.

Nimemwamuru Lukudu arudishe jampa kwa 66. Sasa inaenda polepole, haikwami, Margarita anaandika. Basi nimeihesabu ng'ombe mmoja. Wa pili utamtoa kwa baba yako Pajulu, umswage mwenyewe kwa miguu mpaka Koboko, watu wakuone.

Padri nimemwambia asitangaze ndoa. Margarita analia, anasema atakungoja. Nimemjibu angoje, lakini nyumbani kwangu.

Nisalimie dada yako Paska unayekaa naye, yeye hana kosa. Romano nitamsalimia mwenyewe, uso kwa uso. Mungu akupe afya na miguu ya kutembea.

Wako akupendaye kwa shida,
Mzee Kasimiro