Nusu ya Kitabu Iliyobaki Didia

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya misimu mitatu ya mvua bila kukuandikia. Si kwamba sikuanza. Nilianza mara nne, na mara nne karatasi niliikunja nikaifanya kizibo cha chupa ya mafuta ya taa. Mwanzoni ilikuwa hasira. Hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ndiyo iliyonichelewesha zaidi. Leo ni Jumanne. Limi amelala mgongoni, maji ya ugali wa wachimbaji yameanza kuchemka, na nina mpaka Jumamosi. Namba yako ya zamani haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa Mama Sado, anayekuja Didia kununua mchele. Anarudi Nyarugusu Ijumaa. Usimwache aondoke mikono mitupu, nakuomba.

Nataka kukuuliza habari ya kitabu chetu. Unacho bado?

Mimi nusu yangu ninayo. Naikumbuka siku tulipoomba ile mifuko ya saruji kwa mafundi, ukachagua karatasi za ndani tu, ukazikung'uta mpaka ukawa mweupe kama mzimu. Uliikunja kila karatasi katikati, ukazishona kwenye mkunjo kwa sindano ya gunia na uzi wa pamba uliousokota mwenyewe juu ya paja. Jalada lilikuwa boksi la sabuni. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, panya wakaila kona moja, ukanipiga kofi mimi badala ya panya.

Kushoto mnyama, kulia mti wake. Hiyo ilikuwa sheria yako. "Hakuna mnyama asiye na kwake," ulisema. Wanyama nilichora mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Wewe miti ilikushinda, yote ilitoka kama mifagio. Siku moja kwenye ngitili ya baba, lile eneo alilolifunga mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali, ukabandika karatasi kwenye gome na kuisugua kwa mkaa. Nilikusikia ukiniita kwa kelele kutoka mbali: "Bebe Kabula! Njoo uone, mti umejichora wenyewe!"

Tangu siku ile tulijua miti kwa vidole. Ulikuwa ukinifumba macho kwa kanga ya mama, unanivuta mkono mpaka kwenye shina, na mimi nataja jina. Nikikosea hukasiriki, unasema tu, "Rudia." Shuleni hakuna aliyenifundisha namna hiyo. Ndiyo maana ninayoyajua kweli kweli ni yale yaliyomo kwenye kile kitabu, mengine nimesikia tu.

Halafu likaja lori la kuchukua nguzo za machimboni, na juu ya lori alikuwa Masanja. Baba alikubali wakate kwenye kona moja ya ngitili. Wewe hukukubali. Na ulipojua kwamba nitamfuata Masanja Nyarugusu, ulisema mbele ya watu, "Alikuja kuchukua nguzo, anaondoka na mdogo wangu." Nilikujibu vibaya, nakumbuka neno kwa neno na sitaliandika hapa. Ukaleta kitabu na kisu, ukapasua kwenye mkunjo, karatasi moja baada ya nyingine. "Chukua wanyama wako. Miti inabaki kwao." Ukaingia ndani. Hukutoka kuniaga.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike.

Mimi napika chakula cha wachimbaji hapa kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo lao. Kuta za duara zinashikiliwa na nguzo wanazoziita matimba. Nguzo ndizo zinazowarudisha juu wakiwa hai. Zile za zamani zilitoka kwetu, ni mlama mtupu, mti mgumu usioliwa na mchwa, na mpaka leo zimesimama. Lakini duara jipya limepigwa nguzo nyingine, zimeletwa na lori zikiwa zimepakwa tope, nao wameambiwa ni mlama. Vipande vilivyobaki wakaniletea mimi niwe napikia.

Dada, wewe unajua moto wa mlama. Unakaa. Unaweza kwenda kisimani ukarudi ukakuta kaa bado linakusubiri. Hizi kuni zinawaka kama karatasi, na kabla ugali haujaiva nimebaki na majivu. Siku ya kwanza nikasema labda ni mbichi. Siku ya pili nikasema labda ni mimi, mtoto hajanipa usingizi. Siku ya tatu nikaosha kipande kimoja, nikafumba macho, nikapitisha vidole. Hakikuwa na zile nyufa za mlama kama mgongo wa mamba. Kilikuwa kinabanduka vipande vipande. Moyo wangu ukasema mgumbu. Na mgumbu unajua mwenyewe, mchwa wanauvamia kama walioalikwa harusini. Nikaenda kuchungulia mdomo wa duara. Nguzo mbili za juu tayari zina barabara za udongo, za mchwa.

Nilimwendea msimamizi. Akaniambia, "Mama Limi, huu ni mlama. Aliyeuleta kasema ni mlama."

"Aliyeuleta anashuka humo?" nikamuuliza.

Waliokuwa wanakula wakacheka. Mmoja akasema, "Jamani simameni, Bwana Misitu amefika, leo kavaa kanga!" Mwingine akanyoosha sahani: "Bwana Misitu, ongeza mchuzi kwanza, kesi ya miti tutaisikiliza tukishiba." Hata mimi nilitaka kucheka, maana sahani yake kweli ilikuwa kavu.

Msimamizi hakucheka. "Ushahidi wako uko wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Kilete."

Nikaleta nusu yangu. Nikamwonyesha ndege gogota niliyemchora, na chini yake mwandiko wako: anatoboa mti laini, tazama kulia. Akatazama kulia. Akaona ukingo uliopasuliwa. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na dagaa. Msimamizi akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, lakini akasema, "Jumamosi tunashuka futi kumi zaidi. Leta huo upande wa miti kabla ya hapo, nitasimamisha kazi mimi mwenyewe. Ukikosa, nisisikie tena habari ya miti kwenye duara langu."

Masanja hakucheka. Nyumbani akaniambia, "Wenzangu wako chini. Nikikaa juu, mimi ni nani?"

"Baba Limi," nikamjibu.

Nimeificha tochi yake ya kichwani ndani ya ndoo ya unga. Nadhani anajua ilipo. Siku mbili hajashuka, na siku mbili wanamwita bibi harusi. Wenzake wanashuka, na kila wakivuta kamba mimi nahesabu vichwa vinavyotoka. Jumamosi ameapa atashuka, awe na tochi au bila tochi. Unamjua sasa alivyo, hata kama hukutaka kumjua.

Kama maneno yangu yangeishia hapo, barua hii ningeiandika siku ileile nilipozitambua zile kuni. Liko jingine.

Unaikumbuka siku uliponituma kuusugua mlama wa bondeni, ule wenye nyuki kwenye tundu? Ulikuwa na homa, ukasema nenda wewe, umekua. Nilikwenda mpaka nikasikia ule mvumo. Sikusogea. Niligeuka nikausugua mti uliokuwa karibu na njia, nikakuletea. Uliishika ile karatasi, ukaipitishia vidole, ukasema, "Mbona mlama wako laini?" Nikakwambia ni mlama mchanga. Ukaniamini. Ukaandika jina kwa mkono wako, ukaishona mbele ya nyuki wangu.

Ule mti wa karibu na njia nadhani ulikuwa mgumbu. Nadhani. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nakimbia.

Kwa hiyo, Dada, ukurasa ninaouhitaji kuliko wote duniani ndio ule niliousemea uongo. Ukinitumia kama ulivyo, na mimi nikiupeleka kwa msimamizi, utafanana na nguzo zake, na jina limeandikwa mlama. Watu watashuka kwa ushahidi wangu. Kila nikimfungulia Limi ukurasa wa nyuki, anaweka kidole na kuimba vuuu, mimi nageuza haraka. Miaka yote hii nilikulaumu kwa kukipasua kitabu, na mimi nilikuwa nimekiharibu kabla yako.

Siombi unisamehe leo. Nitasamehewa baadaye kama kuna nafasi. Leo naomba uende bondeni. Najua goti lako. Nenda hivyohivyo, polepole, asubuhi na mapema nyuki wakiwa bado wazito kwa baridi. Na kama baada ya kuyasoma haya bado una neno lako juu ya Masanja, liweke pembeni mpaka Jumapili. Simtetei. Nataka tu awepo wa kugombana naye.

Ninavyohitaji ni hivi, na usipunguze hata kimoja:

Karatasi mpya ya gome la mlama wa bondeni, uisugue mwenyewe, uandike jina mwenyewe.

Karatasi ya mgumbu, ile ya zamani inayotazamana na gogota. Hiyo uliisugua wewe, haina uongo.

Kipande cha kila mti kati ya hiyo miwili, urefu wa kiganja, na gome lake, nivichome vyote viwili mbele yao kwenye jiko langu waone kipi kinabaki kaa. Usitume picha ya simu. Wataitazama na kucheka. Nataka waguse.

Ule ukurasa wangu wa uongo. Usiuchane. Nitaandika chini yake kilichotokea, Limi akikua asome.

Na sindano ya gunia, pamoja na uzi wa pamba wa kutosha kitabu kizima. Huku uzi uliopo ni wa nailoni tu, unakata karatasi.

Mdogo wako uliyemwamini,
Mama Limi